Somo: Jinsi ya kuyasoma mapengo ya timu ya NFL kabla ya drafti

Kila mwaka ikikaribia Aprili swali ni lile lile: "Timu yangu imchague nani?" Swali hilo huja mapema mno. Kabla ya jina la kijana yeyote kuna kazi ya kujua kikosi kinavuja wapi, na wengi wetu tunairuka, kwa sababu video za vijana wa vyuo vikuu zinasisimua kuliko orodha ya mikataba. Leo tuifanye kazi hiyo pamoja.

Kwa wageni wetu: drafti ninayoizungumzia si ile ya kete. Ni siku tatu za mwishoni mwa Aprili ambapo timu 32 za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hupokezana zamu za kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni, kwa raundi 7. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo hupangiwa zamu ya kwanza, na bingwa wa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, hupangiwa ya mwisho. Hakuna ada ya usajili kama kwenye soka. Zamu yenyewe ndiyo mali, na unaweza kuibadilisha kwa zamu nyingine au kwa mchezaji. Anayechaguliwa hupewa mkataba wa miaka 4. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza, timu ina haki ya kumwongezea mwaka wa 5.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mjue ninakoelekea: pengo la leo lizibwe Machi, wakati soko la wachezaji huru linapofunguliwa. Aprili ni ya pengo la mwakani. Timu inayoingia kwenye drafti na njaa ya leo hulazimika kumbeba yeyote anayecheza nafasi iliyo wazi, hata kama mezani kuna mtu bora kumzidi.

Hatua ya 1: Andika mikataba, acha sifa

Kikosi cha msimu kina wachezaji 53. Chukua daftari, andika jina, umri, mwaka ambao mkataba unaisha, na mechi alizoanza msimu uliopita. Kisha weka alama mbili tofauti: moja kwa ambaye mkataba wake unaisha Machi hii, nyingine kwa ambaye unaisha Machi ijayo au amevuka miaka 30. Alama ya pili ndiyo yenye thamani, na ndiyo ambayo mashabiki hawaiandiki.

Tazama walivyofanya Philadelphia Eagles. Senta wao Jason Kelce, yule anayeuanzisha mpira na kuongoza ukuta wa mbele, alikuwa bado miongoni mwa bora wa ligi mwaka 2022. Hakukuwa na pengo lolote pale. Hata hivyo walitumia zamu ya 51 kumchukua Cam Jurgens, senta wa Chuo Kikuu cha Nebraska. Kijana akakaa nyuma ya Kelce mwaka mzima, mwaka uliofuata akachezeshwa pembeni yake, na Kelce alipotangaza kustaafu Machi 2024, nafasi ilikuwa na mwenyewe tayari. Msimu huo wakachukua ubingwa.

Hatua ya 2: Tenganisha pengo na jeraha

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Februari 2021 Kansas City Chiefs walifungwa 31-9 na Tampa Bay kwenye Super Bowl. Patrick Mahomes, kwotabeki wao, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, alitumia usiku mzima kukimbia kuokoa mwili wake. Ukitazama haraka utasema: ni majeraha tu. Na kweli, walinzi wake wawili wa pembeni, wale wa ukuta wa mbele wanaomkinga timu ikishambulia, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa nje. Fisher alikatika kano ya kisigino mechi moja kabla, Schwartz alikuwa na jeraha la mgongo.

Lakini swali la kujiuliza ni hili: wagonjwa wakipona, tatizo linaisha? Fisher alikuwa na miaka 30, Schwartz 31, na majeraha yote mawili ni ya aina inayomrudisha mtu akiwa si yule. Chiefs wakajibu kwamba haliishi. Machi wakawaacha wote wawili kwa siku moja. Wakamsajili Joe Thuney, mlinzi wa ndani wa ukuta huo, kutoka sokoni, na siku chache kabla ya drafti wakampata Orlando Brown, mlinzi wa pembeni, kwa kubadilishana na Baltimore Ravens. Kwa hiyo siku ya drafti ilipofika hawakuwa na haraka. Wakamsubiri senta Creed Humphrey raundi ya pili, zamu ya 63, na mlinzi wa ndani Trey Smith raundi ya sita, zamu ya 226, ambaye timu nyingi zilimwogopa kwa sababu aliwahi kuwa na damu iliyoganda mapafuni. Wote wawili wakaanza msimu huo huo.

Februari 2023 walikutana na Eagles, timu iliyowaangusha makwotabeki mara 70 msimu ule. Usiku wa fainali Mahomes hakuangushwa hata mara moja, na Chiefs wakashinda 38-35.

Sasa tazama upande wa pili wa sarafu. Msimu wa 2024 nafasi ya mlinzi wa pembeni kushoto wa Chiefs haikupata mtu wa kuaminika, mpaka ikabidi Thuney ahamishwe kutoka nafasi yake ya ndani. Mtu hodari, lakini kiraka ni kiraka. Kwenye fainali ya Februari 2025, dhidi ya Eagles wale wale, Mahomes aliangushwa mara 6 na wakapoteza 40-22. Miezi miwili baadaye Chiefs walitumia zamu ya 32 kumchukua Josh Simmons wa Ohio State, mlinzi wa pembeni kushoto, ingawa alikuwa ametoka kuumia goti.

Hatua ya 3: Pima uzito wa nafasi

Mapengo hayalingani. Andika makundi mawili. La kwanza ni nafasi ambazo sokoni ni ghali au hazipatikani kabisa: kwotabeki, walinzi wa pembeni wa ukuta wa mbele, wavamizi wa pembeni wanaomkimbilia kwotabeki wa wapinzani, makonabeki (mabeki wanaowakaba wapokeaji wa wapinzani), na wapokeaji wa kiwango cha juu. Timu zenye watu hao haziwaachi. La pili ni nafasi ambazo Machi unapata mtu mzuri kwa bei inayostahimilika: mbebaji mpira, walinzi wa ndani, malainibeki wa kati (wakabaji wanaosimama nyuma ya mstari wa mbele wa ulinzi), masefti (mabeki wa nyuma kabisa).

Pesa ndiyo inayoamua hapa. Kila timu ina ukomo wa mishahara, na mwaka 2025 ukomo huo ulikuwa dola milioni 279.2. Tangu makubaliano ya 2011 kati ya ligi na wachezaji, mshahara wa kijana wa drafti hupangwa na namba ya zamu yake, bila kujali anacheza nafasi gani. Kwa hiyo mlinzi wa pembeni aliyechaguliwa namba 5 anakuokolea fedha nyingi sana kwa miaka 4. Mbebaji mpira aliyechaguliwa namba 5 anakuokolea kidogo tu.

Mwaka 2018 New York Giants walitumia zamu ya 2 kumchukua Saquon Barkley, mbebaji mpira. Kipaji cha kweli, na sitamsema vibaya hata kidogo. Lakini ukuta uliokuwa mbele yake ulikuwa dhaifu, na mbebaji mpira hawezi kujifungulia njia. Machi 2024 Eagles wakamchukua kama mchezaji huru, wakamweka nyuma ya ukuta walioujenga kwa miaka, akakimbia yadi 2,005 msimu ule. Mchezaji ni yule yule.

Hatua ya 4: Jua mwaka huu shamba limezaa nini

Kila kundi la wahitimu lina wingi wake na uhaba wake, na lazima uangalie pia wenzako wana njaa ya nini. Mwaka 2024 makwotabeki 6 walichaguliwa ndani ya zamu 12 za kwanza. Zamu 14 za mwanzo zote zilikwenda kwa washambuliaji, yaani wachezaji wa upande wa kushambulia, walinzi wa kwotabeki wakiwemo, na mchezaji wa kwanza wa upande wa ulinzi alikuwa Laiatu Latu, zamu ya 15.

Eagles walikuwa zamu ya 22 na pengo lao lilikuwa wazi: msimu wa 2023 walianza kwa ushindi 10 na kupoteza 1, kisha wakaporomoka, na makonabeki wao wakuu, Darius Slay na James Bradberry, walikuwa wamevuka 30. Kwa sababu wengine wote waligombea washambuliaji, konabeki wa kwanza kuchaguliwa mwaka ule, Quinyon Mitchell, alifika mpaka mikononi mwao. Zamu ya 40 wakamwongeza Cooper DeJean. Ni DeJean huyo aliyenasa mpira wa Mahomes kwenye fainali ya Februari 2025 na kukimbia nao yadi 38 hadi pointi, siku aliyotimiza miaka 22. Slay alipoondoka mwezi uliofuata, hakuna aliyeingiwa na hofu.

Hatua ya 5: Futa orodha Machi

Ukimaliza, kila pengo la leo lipewe jibu la sokoni, hata la muda. Chicago Bears ni mfano mzuri. Kwotabeki wao Caleb Williams aliangushwa mara 68 mwaka 2024, wakamaliza na ushindi 5. Machi 2025 wakabadilisha ukuta mzima wa ndani: Thuney na Jonah Jackson kwa kubadilishana, na Drew Dalman kutoka sokoni. Aprili, zamu ya 10, wakawa huru kumchukua Colston Loveland, taiti endi (anayekinga na pia kupokea mpira) wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mnaweza kubishana kuhusu Loveland. Uhuru wa kumchagua ulinunuliwa mwezi mmoja kabla.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Columbus, Ohio: Shikamoo kaka. Mimi ni Cincinnati Bengals damu. Mwaka 2021 kwotabeki wetu Joe Burrow alikuwa ametoka kuumia vibaya goti, tukamwacha Penei Sewell, mlinzi wa pembeni, tukamchukua Ja'Marr Chase, mpokeaji. Kwa somo lako, tulikosea?

Marahaba mdogo wangu. Hapana, Chase alikuwa sahihi. Msimu ule ule mlifika fainali, na mwaka 2024 aliongoza ligi kwa mipira aliyopokea, yadi na pointi za kupokea. Lakini Burrow aliangushwa mara 51 msimu wa 2021, mara 9 kwenye mechi moja ya mchujo dhidi ya Tennessee, na mara 7 kwenye fainali mliyopoteza kwa pointi 3. Kosa lilikuwa Machi. Mlimsajili Riley Reiff peke yake kwenye ukuta, kisha mkatumaini kijana wa raundi ya pili angeokoa jahazi. Machi 2022 mkasajili watatu kwa mpigo: Alex Cappa, Ted Karras na La'el Collins. Hao walihitajika mwaka mmoja mapema.

Mwanachama, Mombasa: Mwalimu, mbona Green Bay Packers walimchagua kwotabeki Jordan Love wakati Aaron Rodgers alikuwepo na akicheza vizuri? Huo si ubadhirifu?

Dada yangu, ndiyo ile alama ya pili kwenye daftari. Mwaka 2020 Rodgers alikuwa na miaka 36. Love, zamu ya 26, alikaa misimu 3 akijifunza, Rodgers alipoondoka 2023 akashika usukani na kuwafikisha mchujo. Rodgers mwenyewe aliingia hivyo hivyo mwaka 2005, zamu ya 24, akakaa misimu 3 nyuma ya Brett Favre. Nakubaliana nawe kwamba gharama ipo: Rodgers alitamani msaada wa papo hapo, na zamu ile ingempa. Kwa nafasi nyingine yoyote ningesita. Kwa kwotabeki, sisiti.

Mwanachama, Kigoma: Kama timu haina kwotabeki kabisa, iuze kila kitu ipande hadi zamu ya kwanza?

Ndugu, waangalie Carolina Panthers. Mwaka 2023 walipanda kumchukua Bryce Young. Waliwapa Bears zamu ya 9, ya 61, ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na juu yake mpokeaji wao bora, DJ Moore. Kijana akaingia kwenye timu isiyo na mtu wa kumrushia. Walifanya vibaya mno mpaka ile zamu ya 2024 ikawa namba 1, na Bears wakaitumia kumchukua Caleb Williams. Panda ukiwa na ukuta na wapokeaji. Kinyume chake unamtwisha kijana mapengo yote ya kikosi.

Mwanachama, Nairobi: Na vijana wetu wa raga? Kuna timu inaweza kuziba pengo kwa mtu ambaye hajawahi kuucheza mchezo huu?

Inaweza, ila kwa subira. Daniel Adongo wa Nairobi alitoka kwenye raga, Indianapolis Colts wakamsajili mwaka 2013 bila kupitia drafti, na akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Mfano uliofika mbali kabisa ni Jordan Mailata wa Sydney. Eagles walimchukua mwaka 2018, zamu ya 233, akiwa hajacheza hata mechi moja ya futiboli hii. Alikaa misimu miwili bila kucheza, na leo ni mlinzi wao wa pembeni kushoto na bingwa. Angalia eneo lakini: raundi ya saba, timu ambayo tayari ilikuwa na mtu pale. Usimlete mwanaraga azibe tundu la Septemba.

Mwanachama, Dodoma: Samahani kwa swali dogo. Drafti inaanza saa ngapi kwa saa zetu?

Si dogo hata kidogo, wengi hukosa raundi ya kwanza kwa sababu hiyo. Raundi ya kwanza huanza saa tisa usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Ya pili na ya tatu, saa nane usiku kuamkia Jumamosi. Raundi ya nne hadi ya saba ni Jumamosi saa moja jioni, na hiyo unaweza kuitazama ukiwa na chakula cha usiku mezani. Daftari lako uwe nalo pembeni, na kila timu yako inapochagua, angalia jina lile limeangukia alama ipi.