Uzio wa wavu: pembe, chini na geti

Mwizi hakati wavu kama anaweza kuunyanyua na kupita chini. Ndiyo maana tunashauri fedha nyingi ziende kwenye nguzo za pembe, upande wa chini na geti. Wavu wenyewe ndio kazi nyepesi.

Hakikisha alama za mipaka kabla ya kuchimba. Funga kamba kutoka pembe hadi pembe, kisha fyeka mita moja kila upande. Tawi lolote linaloning'inia juu ya uzio ni ngazi: likate.

Kwa wavu wa mita 1.8, tumia nguzo za mita 2.4, ili sentimita 60 ziingie ardhini. Za pembe ziwe nene na ndefu zaidi, na zizame sentimita 75. Acha nafasi isiyozidi mita 3 kati ya nguzo na nguzo. Zege liwe ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Juu lisawazishwe kwa mteremko kutoka kwenye nguzo, maana maji yakituama pale, kutu huanzia palepale. Pima kila nguzo kwa timazi zege likiwa bichi.

Nguzo ya pembe huvutwa pande mbili, hivyo iwekee mihimili miwili ya mshazari, mmoja kufuata kila mstari wa uzio unaoanzia hapo. Nguzo za mwisho, na zile za katikati kila mita 60 hivi, nazo ziwekewe mihimili. Subiri siku 7 kabla ya kukaza waya. Mafundi wenye haraka hukaza kesho yake. Nguzo hulala taratibu kwa ndani na wavu wote hulegea.

Tandaza waya tatu za kukazia: juu, katikati na chini. Unaponunua wavu, kumbuka namba ya geji ikiwa kubwa, waya ni mwembamba: geji 16 ni kama milimita 1.6 tu, ilhali 12.5 ni kama 2.5. Chagua hiyo ya pili. Fungia wavu kila sentimita 15 kwenye waya wa juu, kila 45 kwenye nyingine, ncha za vifungio zikiwa ndani.

Chini, mwaga mkanda wa zege wa kina cha sentimita 20, ukingo wa wavu ukizama humo. Mfereji unapokatiza uzio, weka nondo zilizoachana sentimita 10, na uzisafishe takataka kabla ya mvua.

Geti lisiache uwazi wa zaidi ya sentimita 5 chini. Bawaba ya juu igeuzwe, pini yake ielekee chini. La sivyo watu wawili wataling'oa kwa kulinyanyua tu. Nati zinazofikika kwa nje zichomelewe. Kufuli lifunge komeo moja kwa moja: mnyororo mrefu unampa mwizi nafasi ya kupenyeza nondo na kupindua.