Ukifundisha viongozi wa vijana kuhusu itikadi kali, anza na dogo wanayemjua

Naandikia nyinyi mnaoendesha mafunzo ya makocha wa mtaa, walimu wa madrasa, viongozi wa vikundi vya vijana na kina dada, hasa huku Pwani ya Kenya ambako ndiko nimefanyia hii kazi. Training za hotelini nimezikaa nyingi, watu wanakula, wanapewa nauli, halafu wanarudi mtaani na karatasi moja yenye orodha ya dalili, na hiyo karatasi ndiyo inayokuja kuumiza watoto wa watu.

Kwa hivyo orodha iweke kando kabisa. Ndevu, suruali fupi, kuacha muziki, kushinda msikitini, hiyo ni ibada ya mtu. Wape mfano wanaoujua: mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, siku waliyouawa watu 148, alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi na babake alikuwa chifu kule Mandera, na mzee mwenyewe alikuwa ameshapiga ripoti kwamba mwanawe haonekani. Ukienda na ile picha ya kijana maskini asiye na shule, huyo angekupita hivi hivi ukimwangalia. Halafu wakumbushe Shakahola, hapo Kilifi, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni na wale walikuwa wafuasi wa mchungaji anayedaiwa kuwaambia wafunge kula mpaka wafe. Usialike Waislamu peke yao, manake ukumbi ukijaa upande mmoja watu wanajihisi wametuhumiwa kabla hata chai haijaletwa.

Badala ya dalili fundisha mabadiliko. Kila mtu amfikirie kijana mmoja anayemjua vizuri, asiandike jina, aandike tu miezi sita nyuma alikuwaje na leo yukoje: analala wapi, anakaa maskani gani, simu kanunuliwa na nani, nini kinamkasirisha. Jambo moja peke yake linaweza kuwa mapenzi yamevunjika, au muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, au kafiwa na mzazi. Ila ukiona mengi yanakuja kwa pamoja na kwa haraka, yaani kawatupa marafiki wote wa zamani, mamake mzazi anamwita kafiri, hataki kuswali nyuma ya imamu wa mtaa ati si Muislamu wa kweli, analipa madeni na kuaga watu, kapata kazi ya mbali na mwenye kazi hamtaji, hapo usingoje wiki ijayo. Kwa wasichana hiyo kazi mara nyingi inakuja na ahadi ya ndoa.

Nusu nzima ya muda wako ipe maigizo, hapa usibane. Weka benchi mbele, mmoja awe kocha, mwengine awe dogo. Mara ya kwanza karibu wote wanahubiri, "wewe kijana hayo mambo ni haramu," na dogo anatoa simu anaanza kuangalia simu. Simamisha. Rudia, safari hii kocha aseme tu "siku hizi umepotea, mazoezini hatukuoni," kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Kuna kocha mmoja alinyamaza mpaka ukumbi mzima tukawa tunasikia feni inavyozunguka, na yule aliyekuwa anaigiza dogo akasema, "Kakangu walimchukua usiku, mpaka leo hajarudi." Hakuna aliyemwandikia hayo maneno. Alikuwa ameacha kuigiza.

Tukio kama hilo likitokea kwako usikimbilie slaidi inayofuata. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walipowauliza watu waliojiunga na makundi ya itikadi kali Afrika kwa hiari yao, ripoti ikatoka 2017, asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho ni kitendo cha serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Kwa hivyo kiongozi wako lazima ajue kusikiliza hayo malalamiko bila kuitetea serikali na bila kumwaga petroli. "Pole, hiyo inauma, nyumbani wanajua unavyojisikia?" inatosha kwa siku ya kwanza. Siku ya pili mpeleke yeye na familia kwa wanasheria wa haki za binadamu, manake kama kakake kapotea kweli, nasaha peke yake haitamsaidia.

Mambo ya aya na hadithi waachie wenye elimu. Katika utafiti huo huo asilimia 57 walikiri hawaelewi vitabu vya dini au wanaelewa kidogo tu, na waliosoma dini miaka sita au zaidi walikuwa na uwezekano mdogo wa kujiunga, basi ustadh anayeheshimiwa na vijana mwite mapema, akae kama mwalimu mwenzako.

Sasa kuripoti, na hapa naomba mnisikilize sana. Mwanzoni mwanzoni mshiriki wangu mmoja alitoka kwenye mafunzo akapeleka jina kwenye ofisi fulani, kijana akachukuliwa, akarudi baada ya siku nne haongei na mtu, na kosa lake lilikuwa ni kugombana na majirani na kufuga ndevu. Ile karatasi niliigawa mimi. Tangu siku hiyo nafundisha hivi: kijana ana hasira na maneno makali, kaa naye, usimwache peke yake. Kuna mtu anamvuta au anapanga safari, ita familia, mzee anayemsikiliza na ustadh, siku hiyo hiyo, na kama safari imekaribia usihangaike peke yako. Ametaja silaha, mahali, siku, nenda polisi sasa hivi, hakuna mjadala. Mwite wakili aeleze sheria ya kuzuia ugaidi ya 2012 kwa Kiswahili cha kawaida, na mtafute nakala ya mpango wa kaunti yenu wa kuzuia itikadi kali, Kwale walizindua wao 2017.

Mtandao upe kipindi kimoja, na waache wadogo wafundishe wakubwa. Cha kushika ni pale mtu anapomtoa kijana kwenye grupu la wengi na kumpeleka inboksi, kisha anamwambia asimwonyeshe mtu.

Cheti usikitoe siku ya mwisho. Warudishe baada ya mwezi, hata kama ni chini ya mwembe na maji ya chupa tu, na swali la kwanza liwe: yule dogo uliyemfikiria siku ile, sasa hivi analala wapi?