Nguvu za Mzee ni Kama Bando: Jinsi ya Kuzigawa Zifike Jioni

Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kazi yangu hapa Lamu ni kuzunguka majumbani kuwaangalia wazee wenye sukari, presha, magoti, wengine vyote vitatu kwa pamoja. Na kilio kikubwa sio maumivu, ni "mwanangu, mwili mzito, sina nguvu". Basi hii hapa ndo njia naitumia, ukiwa na mzee nyumbani au mzee ni wewe mwenyewe, ifuate pole pole.

Kabla ya kuanza

Usiseme ni uzee tu. Apimwe damu kama imepungua, sukari, presha, figo, thairodi (ile tezi ya shingoni), na aulizwe usingizi na moyo wake ukoje, manake huzuni nayo huchosha. Dawa zake ZOTE zitie kwenye mfuko uende nazo, hata za mitishamba. Kuna dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo zinaweza kumlegeza mtu, na zile za kukojoza akimeza jioni ataamka usiku kucha. Ila usimkatishe wewe, hiyo kazi ya daktari. Na kifua kikimuuma, akihema akiwa amekaa, miguu ikivimba ghafla au akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hapo hakuna mazoezi, ni hospitali siku iyo iyo.

Hatua ya 1: andika wiki moja

Chukua daftari la mjukuu, gawa siku kwa swala: alfajiri mpaka adhuhuri, adhuhuri mpaka alasiri, ivo ivo. Kila kipande andika amefanya nini na uchovu ni ngapi kati ya 0 na 10.

Nina bi mkubwa mmoja Langoni, miaka sabini na kitu, anaishi ghorofani na ngazi zenyewe mnazijua za nyumba zetu, refu na wima. Daftari lake lilisema yote. Jumatatu kaamka vizuri, basi akafua, akashuka sokoni, akapanda, akakaa kwenye mbuzi akakuna nazi mbili, jioni akaenda kuhani. Jumanne na Jumatano: kitandani, kitandani. Yeye alikuwa analaumu Jumanne, kumbe kilichomponza ni Jumatatu. Nikamwambia bi mkubwa, nguvu zako ni bando ya siku, wewe unaimaliza saa nne asubuhi alafu unachukua okoa jahazi, ile kredi ya mkopo, kesho ukiweka kredi inakatwa yote. Akacheka mpaka akashika ubavu.

Hatua ya 2: tafuta kiwango cha siku mbaya

Hapa ndo watu wengi wanakosea, na mimi pia nimekosea. Zamani nilimwambia mzee mmoja atembee mpaka Shela, ni kilomita kama 3 kwa ukingo wa bahari, siku iyo alikuwa mchangamfu. Alifika, lakini kurudi alirudi kwa boti, akalala siku tatu na salamu zangu hakuitikia wiki nzima. Haki yake. Sasa nauliza: siku mbaya unatembea dakika ngapi kabla hujachoka? Akisema 6, tunaanza na 4. Siku nzuri 4, siku mbaya 4. Unasimama ukiwa bado unaweza kuendelea, na hilo ndo gumu kuliko mazoezi yenyewe.

Hatua ya 3: vunja kazi vipande

Kufua leo, sokoni kesho. Pumzika kabla ya kuchoka, dakika kumi umenyoosha miguu. Yule bi mkubwa tulimtoa kwenye mbuzi, sio kwa sababu ya kukuna, ni kule kuinuka kutoka chini kule kulikuwa kunammaliza magoti. Mjukuu anakuna, yeye anakamua tui akiwa kwenye kiti. Vitu vya juu navyo tukavikusanya aviteremshe mara moja, sio kila kitu na safari yake ya ngazi.

Hatua ya 4: inuka, keti

Kiti kiegemee ukuta, kisiwe cha plastiki chepesi manake kwenye sakafu kinateleza. Miguu chini bapa, kifua mbele kidogo, inuka kwa hesabu ya moja, keti kwa hesabu ya tatu, usijibwage. Mara 5, pumzika, mara 5 tena, siku moja ndio siku moja hapana. Alafu shika dirisha, panda juu ya vidole vya miguu ushuke, mara 8 hivi. Akiona kizunguzungu akiinuka, akae, na umuarifu daktari.

Hatua ya 5: kutembea

Baada ya alfajiri kabla jua halijakaza. Pita ukingoni kwa maji, vichochoro vya ndani vina mitaro na punda hawapishi mtu. Kila penye baraza pana pa kukaa, tumieni. Kipimo: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Viatu vya kufunga, sio malapa, na mwenye sukari akaguliwe nyayo akirudi. Anayechoma insulini au kumeza glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari) apime kabla, awe na sukari mfukoni: akitetemeka na kutoka jasho la baridi, au kipimo kikiwa chini ya 4 (mmol/L), vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apime tena. Mvua za kusi zikija, zungukeni kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba.

Wiki mbili zikipita bila siku ya kulala kitandani, ongeza dakika moja. Moja tu jamani. Siku mbaya ikija fanya nusu, usiache kabisa, misuli ya mzee hupotea upesi akilala.

Hatua ya 6: hii ni ya nyinyi watoto

Acheni ile "kaa tu nyanya, nitakuletea". Najua ni adabu, lakini kikombe mkimletea, maji mkimletea, msala mkimletea, kutwa atainuka mara ngapi? Bi mkubwa wa Langoni sasa maji yake yako mezani upande wa pili wa chumba, makusudi, na mjukuu akinyanyuka kumchukulia anapigwa kofi la mkono.