Kashata za nazi za bibi, kwa kipimo cha kikombe chake

Bibi mzaa mama hakuwa na mizani. Alikuwa na kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, kimebanduka rangi karibu na mshikio, na hesabu yake ilikuwa fupi: sukari vikombe vitatu, nazi iliyokunwa vikombe sita, maji kimoja. Yeye alifundishwa na mama yake, mzaliwa wa Pangani. Mama yangu naye akafundishwa vivyo hivyo pale Ngamiani, Tanga, kwa kukalishwa pembeni mwa jiko la makaa na kukabidhiwa mwiko. Hakuna aliyeandika chochote. Bibi alipofariki, mama mkubwa akawa anapima kwa bilauri, mama mdogo kwa kikombe cha chai, na kila Idi nyumbani kwetu zikawa zinatoka kashata za namna mbili: za huku zinavunja meno, za kule zinanata vidoleni.

Mwaka jana nilikiomba kile kikombe. Nikajaza maji chupa ya nusu lita, nikaanza kuyamimina kikombeni. Kikajaa mara mbili, mara ya tatu kikaishia nusu. Ni mililita 200 basi. Sukari vikombe vitatu vya mfuto nikavipeleka dukani kwa jirani kwenye mizani: nusu kilo na chembe. Nazi vikombe sita, ikishindiliwa kidogo kwa kiganja, nayo ikacheza hapo hapo kwenye nusu kilo. Kumbe miaka yote hiyo bibi alikuwa anaweka sukari na nazi sawa kwa sawa kwa uzito, na kikombe kilikuwa kinamfanyia kazi ya mizani. Nimepika kwa kipimo hiki mara nyingi sasa, na mama ameonja akasema ndizo. Ndiyo maana naandika.

Mahitaji

Nazi 2 kubwa zilizokomaa (upate nusu kilo ya nazi iliyokunwa)
Sukari nyeupe nusu kilo
Maji mililita 200
Iliki punje 10, zimenywe na kutwangwa
Chumvi, ncha ya kijiko
Maji ya ndimu nusu kijiko cha chai
Samli au mafuta ya nazi kidogo, ya kupaka sinia

Hutoka kashata kama 40, kutegemea mkono wako wa kukata.

Hatua ya 1: Nazi

Hapa usiharakishe. Chagua nazi iliyokomaa lakini bado ina maji. Itikise sikioni uyasikie yakicheza. Koroma halifai kwa kashata hizi, nyama yake ni laini na ina maji mengi, utakoroga mpaka mkono ukuishe nguvu na bado halitashika. Nazi iliyokaukia ndani nayo mara nyingi ina harufu ya mafuta yaliyochacha, na harufu hiyo haifichiki kwa iliki wala kwa kitu kingine. Ukishaivunja, onja kipande kabla hujakaa kwenye mbuzi.

Ikune taratibu, ukizungusha kifuu kidogo kidogo, na usikandamize sehemu moja. Nazi ya kwanza inadondoka nyeupe na laini kama pamba. Ukiendelea utaona chenga zinaanza kuwa na vidoa vya kahawia. Hapo umefika kwenye ganda la ndani. Bibi alikuwa anaacha hapo, anatoa sinia la kashata na kuweka bakuli jingine. Iliyobaki kifuuni inakunwa kwa ajili ya tui la mchuzi wa jioni. Hakuna kinachotupwa, lakini kashata zinapata nazi nyeupe tupu.

Usiikamue. Tui likitoka, utamu wa nazi umetoka.

Hatua ya 2: Sinia

Paka sinia samli kabla hujawasha jiko. Mchanganyiko ukiiva hausubiri mtu anayetafuta samli kabatini. Weka karibu kisu chenye makali na kipande cha jani la mgomba, au karatasi iliyopakwa mafuta, cha kusawazishia.

Hatua ya 3: Shira

Tia sukari, maji na ndimu kwenye sufuria nzito. Sufuria nyembamba ya bati itakuunguzia. Weka kwenye moto wa wastani, koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha toa mwiko na uache ichemke. Ukiendelea kukoroga shira inayochemka, sukari inaanza kurudi chenga mapema, na kashata zitakuwa na mchanga mchanga. Ndimu inasaidia kuzuia hilo.

Baada ya dakika 7 au 8 povu linakuwa zito na mapovu yanapasuka polepole. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Likitulia chini, ukalikusanya kwa vidole likawa kidonge laini, shira iko tayari. Mwenye kipimajoto cha jikoni ataona kama nyuzi 112. Usijaribu kwa kidole ndani ya sufuria, shira inaunguza kuliko maji ya moto kwa sababu inang'ang'ania ngozi.

Hatua ya 4: Kukoroga

Tia nazi yote na chumvi, punguza moto kidogo, na kuanzia sasa usiondoke. Kwanza itaonekana umeharibu: nazi inatoa maji yake na sufuria nzima inarudi kuwa uji. Ni kawaida. Koroga, ukikwangua chini na pembeni, kwa dakika 15 hadi 20.

Sasa niwaambie alichokuwa anakifanya bibi, ambacho kikombe peke yake hakingenifundisha. Alikuwa anasikiliza. Mwanzoni sufuria inachemka kwa sauti ya majimaji, pwata pwata. Inapokaribia, sauti ya maji inakatika na unasikia mwiko ukikwaruza, kama mtu anafagia uwanja mkavu. Hapo alikuwa ananiambia, "Sasa tazama." Na ukitazama unaona mambo matatu yakitokea karibu pamoja: nazi inaachana na sufuria na kuufuata mwiko kama bonge moja, mwiko unakuwa mzito, na pembeni mwa sufuria panaanza kupauka kwa utando mweupe wa sukari. Utando ule ndio ishara yenyewe. Ukiuona, tia iliki, koroga mara tano sita, epua.

Ukiepua kabla ya utando, zitanata. Ukizidisha dakika 3 au 4, nazi inaanza kuwa ya kahawia na kashata zinakuwa kavu za kumeguka.

Hatua ya 5: Kutandaza na kukata

Mimina yote kwenye sinia, itandaze kwa jani mpaka unene wa kidole, ukigandamiza ili isibaki na mianya. Subiri dakika 5 hadi 10, mpaka uweze kuweka kiganja juu bila kuungua lakini joto bado unalisikia. Kata mistari iliyonyooka, kisha kata mingine kwa hanamu ili upate vile vipande vya mshazari tulivyovizoea. Futa kisu kila baada ya mistari miwili.

Usiache zipoe kwanza. Mara ya kwanza nilipoachiwa sufuria peke yangu, mkesha wa Idi, nilimimina nikaenda kupiga pasi nguo. Niliporudi sinia lilikuwa jiwe. Tulivunja kwa mchi, na wageni wakapewa kashata za vipande visivyo na umbo. Bibi hakunigombeza, alinipa nazi nyingine mbili nikaanza upya usiku ule ule.

Baada ya kukata, ziache siniani humo humo saa 2 zishikane, ndipo uzitoe moja moja.

Kashata hizi ni tamu sana, na ndivyo zinavyotakiwa. Ziliwekwa ziliwe na kahawa chungu, ile inayotoka kwenye dele na kunywewa kwenye kikombe kidogo kisicho na mshikio. Kipande kimoja, mafunda mawili matatu. Ukizila na soda utanilaumu bure.

Maswali

Mwanachama, Dar es Salaam: Shikamoo dada. Zangu huwa zinageuka unga, nikikata zinamong'onyoka. Nakosea wapi?

Marahaba mdogo wangu. Kuna mambo mawili. Ama umezipika kupita kiasi, ama ulikoroga shira wakati inachemka, sukari ikarudi chenga kabla ya nazi kuingia. Usizitupe. Rudisha kila kitu sufuriani, nyunyiza maji vijiko 4 vya chakula, moto mdogo, koroga mpaka ilainike na kushikana tena, mimina. Rangi itafifia kidogo, ila zitakatika vizuri.

Mwanachama, Mombasa: Asalaam aleikum dadangu. Huku kwetu nyanya alikuwa akitia maziwa badala ya maji, na nusu ya sinia ilikuwa ya rangi ya waridi, na maji ya waridi juu yake. Zako hizi nyeupe tupu ni kashata kweli?

Waaleikum salaam. Ni kashata, na za nyanya yako ni kashata pia, nazo nazipenda. Maziwa yanazilainisha na kuzipa rangi ya krimu, ila ujue zinashika chini haraka, kwa hiyo moto uwe mdogo zaidi na mwiko usitulie. Kwa rangi, gawa mchanganyiko mara mbili ukishaepua tu, tia rangi upande mmoja, tandaza nyeupe kwanza na ya waridi juu. Maji ya waridi tia mwisho kabisa pamoja na iliki, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ukiyatia mapema harufu yote inapotea na mvuke.

Mwanachama, Muscat: Mimi huku napata nazi kavu ya pakiti tu. Itafaa?

Itafaa, ila usiitumie kavu hivyo. Ile imeondolewa maji karibu yote, kwa hiyo usipime nusu kilo. Chukua gramu 275, iloweke kwa maziwa ya uvuguvugu mililita 250, funika dakika 20 mpaka iyanywe yote. Kisha endelea kama kawaida na nusu kilo ya sukari. Angalia pakiti iwe nazi isiyotiwa sukari. Ongeza kijiko cha samli. Hazitafikia za nazi ya kukuna, lakini kwa mtu aliye mbali zinaridhisha.

Mwanachama, Tanga: Machicha je? Nyumbani baada ya kupika wali tunabaki na machicha mengi.

Nimejaribu. Zinashikana lakini zinatafunika kama makapi, kwa kuwa mafuta yameshaondoka na tui. Kama hutaki kuyatupa, changanya machicha theluthi moja na nazi isiyokamuliwa theluthi mbili. Zaidi ya hapo mimi nisingempa mgeni.

Mwanachama, Mwanza: Sina mbuzi na sijui kukuna. Sokoni kuna mashine.

Mashine ni sawa. Mwambie anayekuna asifike kwenye ganda la kahawia, na uhakikishe mashine haikutumika muda huo kwa kitu chenye harufu. Ukiwa na blenda, menya lile ganda la kahawia kwa kisu, katakata vipande vidogo, saga bila maji, kidogo kidogo. Ikitoka laini sana kama uji, kashata zitakuwa nzito. Simamisha ikiwa bado chengachenga.

Mwanachama, Dodoma: Kwa kipimo hiki naweza kuweka karanga?

Hapana, za karanga ni upishi mwingine. Kule sukari inayeyushwa kavu bila maji mpaka iwe rangi ya asali, karanga zilizokaangwa na kumenywa zinaingia, na yote inamiminwa ndani ya dakika moja. Ukitia karanga kwenye shira hii utapata kitu chenye kunata.

Mwanachama, Nairobi: Naomba kupunguza sukari hadi robo kilo, mzee wetu ana kisukari.

Sukari ndiyo inayozishikanisha. Ukiikata nusu utapata nazi tamu ya kula kwa kijiko, haitakatika. Na hata hiyo bado ni sukari nyingi kwa mwenye kisukari. Mimi ningemwandalia mzee vipande vya nazi mbichi na kahawa yake, na kashata zibaki za wengine.

Mwanachama, Dar es Salaam: Zinakaa siku ngapi? Nataka kuanza kuuza.

Kwa joto la pwani mimi sizidishi siku 5, kwenye chombo kilichofunikwa. Kwenye friji wiki 2. Usizifungie kwenye mfuko zikiwa na joto. Mvuke unageuka maji, zinalowana na kuota ukungu. Kama ni za biashara, pika kidogo kila baada ya siku mbili, na ukiona zimeanza harufu ya mafuta yaliyochacha usimuuzie mtu.

Mwanachama, Mombasa: Nimepika leo. Upande mmoja umeganda vizuri, upande wa pili bado laini, na nimeshakata.

Hongera, umekaribia. Upande ulio laini ulikuwa mnene zaidi, au ndiko ulikomimina mwanzo, kabla ya sehemu ya chini ya sufuria iliyoiva zaidi. Toa vile vilivyoshika uviweke kando. Vilivyobaki virudishe kwenye moto mdogo bila kuongeza maji, koroga dakika 3 hadi 5 mpaka uuone utando mweupe pembeni, tandaza upya, kata vikiwa na joto. Safari nyingine, kabla ya kuepua, zungusha mwiko kutoka chini kwenda juu ili yote iive pamoja.