Jinsi ya kufunga kadi ya RAID kwenye kompyuta ya mezani katika mji ambao umeme hukatika

Studio za picha na video, redio za jamii na ofisi nyingi za Ibanda na Kadutu, hapa Bukavu, huhifadhi kazi ya miaka mingi ndani ya diski moja, na hatari hiyo haionekani mpaka diski ianze kugonga. Kadi ya RAID yenye prosesa yake huziunganisha diski kadhaa zikaonekana na kompyuta kama diski moja, kiasi kwamba moja ikifa kazi huendelea. Maelekezo mengi kuhusu kadi hizi yameandikwa kwa ajili ya vyumba vya seva ambavyo umeme haukatiki. Sisi wa Bukavu tunategemea mitambo ya mto Ruzizi, ambayo taka za plastiki kutoka Ziwa Kivu huizuia mara kwa mara, na delestaji, yaani mgao wa umeme, haibishi hodi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza diski ngapi zinahitajika, inafaa kuuliza: umeme ukizimika ghafla, data ambayo haijafika kwenye diski itakuwa wapi?

Kadi nzuri ina kumbukumbu yake ya muda, kwa mfano MB 512 au GB 1. Katika hali ya Write Back, kadi huiambia kompyuta kwamba data imekwisha kuandikwa mara tu inapoingia katika kumbukumbu hiyo, kisha huihamishia kwenye diski baadaye. Hilo huongeza kasi sana, lakini umeme ukikatika katikati, data hiyo hupotea pamoja na kila faili iliyoitegemea. Katika hali ya Write Through, kadi hungoja mpaka diski zenyewe zipokee data, na kasi ya kuandika hupungua sana, hasa katika RAID 5, mpango wa diski tatu au zaidi ambao hutenga nafasi ya diski moja kwa data ya kurekebishia. Betri ya kadi ndiyo inayoondoa hatari ya hali ya kwanza: huilisha kumbukumbu kwa saa nyingi mpaka umeme urudi. Kadi za kizazi cha baadaye hutumia kapasita kubwa ambayo, umeme ukikatika, hutoa nguvu ya kutosha kuhamishia data hiyo kwenye chipu ya flashi, na huko inaweza kukaa muda mrefu bila umeme wowote. Kwa mji wetu mimi napendelea kapasita, kwa sababu betri huchoka baada ya miaka michache na ni vigumu kuipata mpya.

Kadi zinazouzwa kwa bei nafuu ni zile zilizotolewa kwenye seva za zamani. Familia inayopatikana zaidi ni MegaRAID, ambayo huonekana kwa majina ya LSI, Avago au Broadcom, kwa kuwa Avago iliinunua LSI mwaka 2014 na kisha kuinunua Broadcom mwaka 2016 na kuchukua jina lake. Modeli ya 9260-8i ni ya zamani lakini ni imara. 9361-8i ni mpya zaidi na hutumia kapasita. Muulize muuzaji kama kadi inakuja na betri au kapasita yake pamoja na waya wake, na kama ina bamba la kuifunga kwenye kasha la kawaida. Maelezo ya kundi la diski huandikwa kwenye diski zenyewe, hivyo kadi ikiungua, nyingine ya familia hiyo hiyo huweza kuyasoma na kulipokea kundi zima. Kadi ya namna hiyo haipatikani katika kila duka la mjini, na mwenye uwezo anunue mbili tangu mwanzo.

Kebo inahitaji uangalifu. Kebo inayotoka kwenye kadi na kugawanyika kuwa vichwa vinne vya SATA hutengenezwa kwa mielekeo miwili inayofanana kabisa kwa macho. Unahitaji ile ya kutoka kadi kwenda diski. Ile ya kinyume itaingia vizuri mahali pake, lakini hakuna diski itakayoonekana.

Kuhusu diski, chagua zilizotengenezwa kwa ajili ya NAS (kisanduku cha diski kinachotumiwa kupitia mtandao) au seva. Diski ya kawaida ikikutana na sehemu mbovu huweza kuhangaika nayo kwa dakika nzima au zaidi, na kadi, ikidhani kwamba diski imekufa, huitoa kwenye kundi; diski za NAS hukata tamaa baada ya sekunde kama saba na kuiachia kadi kazi ya kurekebisha. Epuka pia diski za aina ya SMR, ambazo huandika mistari ya data ikipandana, kwa sababu huwa polepole mno wakati wa kujenga upya kundi.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, na ushike chuma cha kasha ili mwili wako usiwe na umeme tuli. Kadi hizi hutaka nafasi ya PCIe (tundu la kadi kwenye ubao mama) ya x8, yaani yenye njia nane za data, na nafasi ndefu ya x16 inazipokea bila tatizo. Soma kitabu cha ubao mama, kwa maana nafasi ndefu ya pili mara nyingi ina njia nne tu. Kadi ilibuniwa kwa seva zenye upepo mkali, kwa hiyo katika kasha la mezani ni lazima uelekeze feni ndogo kwenye kipozajoto chake. Bila feni inaweza kupata joto la kuidhuru, na wengi hulipuuza jambo hili kwa sababu kadi huonekana kufanya kazi vizuri siku ya kwanza.

Ikiwa kompyuta haionyeshi chochote baada ya kuwashwa, hasa kwa kadi za PERC, zile za seva za Dell, usiitupe kadi. Funika kwa kipande chembamba cha utepe wa plastiki mguso wa tano na wa sita wa ukingo unaoingia kwenye PCIe, ukihesabu kuanzia upande wa bamba, kwenye uso ule wenye vijenzi, kisha ujaribu tena. Baadhi ya bao mama za mezani hugongana na ishara zinazopita hapo.

Wakati kompyuta inawaka, maandishi ya kadi hukualika kuingia katika menyu yake: bonyeza Ctrl na H kwa 9260, au Ctrl na R kwa 9361 na PERC nyingi. Maandishi hayo yasipotokea, ingia katika BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, na uwashe CSM (hali ya kuiga BIOS ya zamani), au utafute kadi ndani ya menyu za UEFI, ambayo ni BIOS ya kisasa. Kwa diski mbili chagua RAID 1, ambayo diski moja ni nakala ya nyingine. Kwa nne nashauri RAID 10, yaani jozi mbili za namna hiyo zilizounganishwa. Diski nne za TB 4 hukupa TB 8 katika RAID 10 na TB 12 katika RAID 5, na wengi huvutwa na hiyo 12. Hata hivyo, diski moja ya RAID 5 ikifa, kadi hulazimika kusoma TB 12 zote zilizobaki bila kosa, ilhali diski nyingi za kawaida huahidiwa na mtengenezaji kosa lisilozidi moja kwa kila TB 12.5 hivi. Katika RAID 10 kadi husoma diski moja tu, na kazi hiyo huisha mapema, jambo lenye uzito mkubwa mahali ambapo umeme unaweza kuikatiza.

Katika kipengele cha kuandika, chagua Write Back with BBU (BBU ni betri ya kadi), ili betri ikidhoofika kadi irudi yenyewe kwenye Write Through. Usichague Always Write Back hata kama kasi yake inapendeza. Zima pia kumbukumbu ya muda ya diski zenyewe, kwani betri ya kadi haiilindi. Kisha funga kompyuta nzima kwenye onduleri (UPS) inayoweza kuibeba mpaka uizime kwa utaratibu. Betri ya kadi huokoa data iliyoko ndani ya kadi, lakini haiokoi faili ambayo programu yako ilikuwa haijaihifadhi.

Mfumo endeshi uuweke kwenye SSD ndogo iliyochomekwa kwenye ubao mama, na kundi la RAID libaki kwa data pekee. Linux huitambua MegaRAID bila kuongeza kitu; Windows huweza kuhitaji draiva. Gawa diski mpya kwa mtindo wa GPT, kwa sababu ule wa zamani, MBR, huishia TB 2. Nakala nyingine iwekwe nje ya jengo, kwani faili iliyofutwa kwa bahati mbaya hufutwa kwenye diski zote mara moja.

Kabla ya kuhamishia kazi halisi, weka faili za majaribio na uchomoe kebo ya diski moja huku kompyuta ikiwa imewaka. Kadi italia; hakikisha faili bado zinafunguka, kisha rudisha diski na ungoje kundi lijengwe upya mpaka mwisho. Andika namba ya kila diski na nafasi yake kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa kasha. Kunyamazisha mlio, tumia programu ya storcli kwa amri ya storcli /c0 set alarm=silence. Neno off mahali pa silence huzima mlio kabisa, na diski itakayokufa baadaye haitasikika.