Somo: Kuwafikia vijana wanaoishi jirani na kanisa

Nawaandikia hasa wazee wa kanisa na viongozi wa vijana katika mitaa ya Nairobi na miji mingine ya Kenya. Spika mpya na taa za rangi wekeni kando kwanza.

Hatua ya 1: Tembeeni mtaa. Nendeni wawili wawili, jioni ya siku ya kazi, bila vipeperushi. Pitieni steji ya bodaboda, kinyozi, saiba (duka la intaneti), uwanja wa mpira. Siku hiyo msimwalike mtu. Ulizeni tu anafanya kazi gani na anafunga saa ngapi. Mtagundua mambo. Mhudumu wa bodaboda, kwa mfano, hupata wateja wazuri Jumapili asubuhi, na wateja wenyewe ni sisi waumini. Anatushusha langoni, tunamlipa, kisha ndani tunamwombea kwa kuwa haji ibada ya saa tatu.

Hatua ya 2: Wekeni hesabu wazi. Hapa ndipo makanisa mengi hukwama. Vijana walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha hawakuwauliza wabunge peke yao. Makanisa nayo yaliulizwa kwa nini mwanasiasa mwenye bahasha ya harambee anapewa kipaza sauti madhabahuni. Novemba mwaka huohuo, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alikataa mchango wa mamilioni ambao Rais William Ruto alikuwa ametoa katika parokia ya Soweto, akaagiza urudishwe. Kijana wa mtaani kwenu alifuatilia yote hayo kwenye simu yake.

Basi kila mwezi bandikeni karatasi moja mlangoni: sadaka kiasi gani, zaka kiasi gani, mfuko wa jengo una nini, mlinzi amelipwa ngapi, tokeni za umeme zimekula ngapi. Iwe kwa maandishi makubwa. Kisha kijana mmoja aingie kamati ya fedha, naye apige kura kama wengine.

Hatua ya 3: Wapeni kazi yenye uzito. Kupanga viti na kushika kamera ni kazi, lakini si hizo tu. Kijana aongoze maombi, afundishe, asimamie ziara za wagonjwa. Na mahubiri yawe na kikomo: kijana Eutiko alisinzia Paulo mwenyewe akihubiri, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu (Matendo 20:9).

MASWALI YA WASHIRIKI

Swali: Shalom mwalimu. Wazee wetu wanahofia vijana wakiona hesabu wataleta fujo.
Jibu: Shalom mzee wangu. Wataleta maswali, tena mengine makali. Mweka hazina awe na risiti mkononi na ajibu bila kukasirika. Kama swali moja linamshinda, afadhali mlijue sasa kuliko kulisoma mitandaoni.

Swali: Bwana asifiwe. Kanisa letu ni la mabati, hata kinanda hatuna. Watakuja kweli?
Jibu: Asifiwe sana. Mna meza na umeme? Fungueni katikati ya wiki, wanafunzi wasome hapo na kuchaji simu. Mtu mzima mmoja awepo, asihubiri asipoulizwa.

Swali: Binti yangu wa miaka 19 amegoma kuja. Anasema kila akifika anakaguliwa sketi.
Jibu: Pole mama. Ongea na hao akina mama wanaomkagua, usianze na yeye. Akija, kaa naye.

Swali: Tukihamishia ibada jioni kwa ajili ya wa bodaboda, si tutaligawa kanisa?
Jibu: Msihamishe, ongezeni ya pili, mchungaji awe yuleyule. Kabla ya kutangaza saa, mwulizeni mwenyekiti wa steji. Saa kumi na mbili jioni abiria wanarudi makwao, na hapo hamtampata mhudumu wa bodaboda hata mmoja.