Bakgamoni kwa simu: anza na kuhesabu, dadu utazielewa tu

Hapa Mji wa Kale ukimwonyesha mtu bakgamoni, ule mchezo wa ubao wa watu wawili na dadu mbili, kwenye simu jibu ni moja, aah hiyo ni ludo tu hiyo, bahati ya dadu. Mimi nakataa kabisa. Nshaicheza miaka saba sasa na naipenda sana, na kilichonitoa kwenye kufungwa kila siku ni hesabu ndogo ambazo mtu yeyote anayejua kurudisha chenji dukani anaziweza, kwa hivyo mwongozo huu nauelekeza huko.

Hatua ya kwanza, pa kuchezea. Weka programu ya Backgammon Galaxy kwenye simu, au kama una laptopu chukua GNU Backgammon, hiyo ni ya bure na unacheza na kompyuta bila hata intaneti. Watu walianza kuchezeana mtandaoni 1992 kwenye seva iitwayo FIBS, wakati huo ubao wenyewe ulichorwa kwa herufi tu. Anza na mechi fupi za pointi 3. Angalia bando kabla hujaingia maana saa ya mchezo haikusubiri, mimi nshapoteza mechi niliyokuwa naongoza kwa sababu data iliniishia kwenye feri ya Likoni. Na pesa usiweke, ukishawaza pesa huhesabu tena, unaomba dadu tu.

Hatua ya pili, ubao. Kuna pembetatu 24 na kila mtu ana kete 15, programu inakupangia yenyewe: kete 2 kwenye 24, 5 kwenye 13, 3 kwenye 8 na 5 kwenye 6, ukihesabu kutoka nyumbani kwako. Kazi yako ni kuzileta zote nyumbani, yani 1 mpaka 6, alafu unazitoa, anayemaliza kwanza ameshinda. Safari ya kete zako zote ukizijumlisha mwanzoni ni hatua 167 na programu nyingi zinakuwekea hiyo namba pembeni, itizame kila mara maana ndiyo inakwambia nani yuko mbele. Kete mbili zikikaa pamoja hapo pashakuwa nyumba yako, mwenzio hakanyagi. Ikikaa moja peke yake inaliwa, inawekwa katikati, na huchezi kingine mpaka iingie tena kuanzia mwanzo wa safari. Dadu zikifanana, mfano 4-4, unacheza hiyo 4 mara nne.

Hatua ya tatu ndiyo nataka ukae nayo hata wiki nzima. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Tuseme kete yako iko peke yake na mwenzio anahitaji 6 kuifikia, njia za kukula ni 17: zote zenye 6 ndani ambazo ni 11, alafu 5-1 na 4-2 ambazo kila moja huja mara mbili, alafu 3-3 na 2-2. Sasa isogeze iwe mbali kwa 7. Zinabaki 6 tu! 6-1, 5-2, 4-3, basi. Hatua moja tu hiyo, na hatari imeshuka kutoka karibu nusu hadi moja kwa sita, na ukilazimika kukaa karibu basi kaa karibu kabisa, umbali wa 1 ni njia 11. Mtu anayejua hivi na mtu asiyejua wanarusha dadu zilezile lakini hawachezi mchezo mmoja.

Na hii habari ya kete kukaa pekepeke ni ya zamani sana. Zeno, mfalme wa Roma ya Mashariki karne ya 5, alikuwa akicheza tabula, mchezo wa ukoo huuhuu ila wa dadu tatu, akarusha 2, 5 na 6, njia nyingine zote zimezibwa, ikambidi avunje nyumba zake mwenyewe. Watu wanaikumbuka mpaka leo kwa uchungu wake. Waajemi nao walikuwa na nard, Waarabu wanauita tawla, na ukimsikia mtu anasema sheshbesh hiyo ni 6-5, sita ya Kiajemi na tano ya Kituruki.

Kufungua mchezo shika mirusho mitatu ya dadu kwanza. 3-1, toa moja kwenye 8 na moja kwenye 6 zikutane 5. 4-2, toa 8 na 6 hivyohivyo zikutane 4. 6-1, toa 13 na 8 zikutane 7. Zote zinajenga nyumba bila kuacha mtu peke yake mbele.

Hatua ya nne, dadu ya kuzidisha, ile yenye 2, 4, 8 mpaka 64, ambayo iliingia New York miaka ya 1920. Mwenzio akikuzidishia, ukikataa mchezo umeisha na umepoteza pointi 1, ukikubali mnaendelea kwa pointi 2, kwa hivyo usitoke kwa woga. Ukikataa michezo minne umepoteza pointi 4. Ukikubali yote minne, ukashinda mmoja na kufungwa mitatu, umepata 2 umetoa 6, ni palepale 4. Kwa hivyo ukiona unaweza kushinda zaidi ya mara moja kwa nne, kubali.

Hatua ya mwisho, pitia mechi na kompyuta. Mwaka 1979 programu ya Hans Berliner ilimfunga bingwa wa dunia Luigi Villa 7-1 kule Monte Carlo, na Berliner mwenyewe alipoichambua mechi akakiri dadu ziliibeba. 1992 Gerald Tesauro wa IBM akatoa TD-Gammon iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake, na mabingwa wakabadilisha jinsi wanavyofungua. GNU Backgammon inakutenganishia hayo mawili, makosa yako huku, bahati huku. Mimi baada ya isha nafungua mechi niliyofungwa, natafuta makosa matatu makubwa tu, naupanga ubao upya na kuhesabu zile 36 kwa kidole mpaka nione nilipokosea.